Gitaa la umeme kwa mikono yako mwenyewe: kutoka ubao hadi sauti, kwa hewa ya Dodoma

Gitaa langu la kwanza lilinichana kiganja mwezi wa Agosti. Nilikuwa nimelimaliza Mei, ncha za freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) nimezipiga tupa mpaka zikawa laini. Miezi mitatu baadaye napitisha mkono ubavuni mwa shingo, ni kama nimepapasa msumeno. Freti hazikuwa zimerefuka, chuma hakikui. Ubao ndio uliokuwa umesinyaa, ukaziacha ncha zimechomoza kila upande.

Muuza mbao aliniapia kwamba mzigo wake umekauka. Na kweli ulikuwa umekauka, kwa ukavu wa pwani ulikotoka. Dodoma ni habari nyingine. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni za msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na baada ya hapo ni miezi ya upepo mkavu unaopasua midomo na visigino. Upepo huohuo unapasua mbao. Ndiyo maana katika mwongozo huu kalenda ya mvua inakuja kwanza, vipimo vinafuata.

Aina ya gitaa la kuanzia

Tengeneza gitaa la mwili mzima usio na uwazi ndani, shingo inayofungwa kwa skrubu, na daraja (kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi) lisilocheza. Usianze na shingo ya kugundishwa mwilini wala daraja lenye mkono wa kutikisia. Hayo yatakuja kwenye gitaa la tatu.

Gitaa la aina hii lilipata umaarufu kupitia Leo Fender wa California, aliyeanza kuliuza mwaka 1950. Fender alikuwa fundi redio, na gitaa hakujua kulipiga. Aliliwaza kama redio: kila kipande kifunguke, kirekebishwe, kirudishwe. Kwa sisi tunaofanyia kazi barazani hiyo ni neema, kwa sababu ukiharibu shingo unatengeneza nyingine, mwili unabaki. Na kama unaona gitaa ni chombo cha wageni, kumbuka kwamba Wagogo wa hapa Dodoma wametengeneza zeze la nyuzi na ilimba ya kupigwa kwa vidole gumba kwa mikono yao vizazi na vizazi. Marehemu Hukwe Zawose alizipeleka ala hizo kwenye majukwaa ya dunia. Kuchonga chombo cha muziki nyumbani si jambo geni Ugogoni.

Vipimo nitakavyotumia humu vinakwenda pamoja, usichanganye na vya mahali pengine. Urefu wa uzi kati ya daraja dogo na daraja kubwa ni milimita 648. Daraja dogo ni kile kipande cha mfupa kilichoko kati ya kichwa na shingo, na upana wa shingo hapo ni milimita 42. Kwenye kisigino, yaani mwisho wa shingo unaoingia mwilini, upana ni 56. Unene wa kisigino pamoja na ubao wa vidole (ule mwembamba unaobandikwa juu ya shingo, vidole vinapobonyezea nyuzi) ni 25. Unene wa mwili ni 45, na tundu la kupokelea shingo lina kina cha 16. Freti ni 22.

Kabla ya kukata chochote, nunua vifaa vya chuma: daraja, funguo sita za kukazia nyuzi, fimbo ya chuma ya kurekebisha mpindo wa shingo (ile inayokaza pande mbili), waya wa freti kama mita moja na nusu, pikapu (kile kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi), swichi na vitasa vya kuzungusha vya sauti na toni. Mimi huagiza Kariakoo vikaja kwa basi, na vingine huagizwa nje kabisa. Usichonge tundu la kifaa ambacho hukishiki mkononi. Pikapu mbili zinazoitwa kwa jina moja zinaweza kupishana milimita tatu, na milimita tatu kwenye mninga hazirudi.

Ubao, na mizani ya jikoni

Mninga ndio chaguo langu kwa shingo na kwa mwili. Hausinyai sana ukilinganisha na mbao nyingi, unapokea patasi bila ugomvi, na rangi yake haihitaji kusaidiwa. Mkangazi ni mwepesi zaidi na una sifa za karibu na mahogani. Mtiki unafaa, ila una mafuta yanayokataa gundi, hivyo futa sehemu ya kuungia kwa kitambaa chenye thina dakika chache kabla ya kupaka. Mvule nao ni mzuri mpaka randa yako ikutane na kijiwe cha chokaa kilichojificha ndani, hapo utanoa upya. Msonobari wa Sao Hill ni laini na wa bei nafuu. Kwa mwili wa gitaa la kujifunzia hauna shida, kwa shingo usithubutu.

Uzito upige hesabu mapema. Mwili wa kawaida una ujazo wa lita 4 hivi. Kwa mninga mkavu utapata kilo mbili na nusu, kwa msonobari kama mbili. Kwa mkongo utavuka tatu, na mpigaji akisimama saa mbili kwenye sherehe bega litakutaja.

Ubao wa vidole nautengeneza kwa mpingo. Mti huu ni mzito kiasi kwamba ukiuweka majini unazama, na freti inang'ang'ania ndani yake kama jino. Unahitaji kipande cha milimita 500 kwa 60 kwa 7 tu, kwa hiyo masalia ya wachongaji vinyago yanatosha. Nunua kwa mtu mwenye leseni na chukua risiti, maana kwenye geti la maliasili maelezo ya mdomo hayasaidii. Ukiwa na ndoto ya kuuza nje, ujue kwamba jamii nzima ya mipingo imewekwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, ingawa vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vililegezewa masharti mwaka 2019.

Sasa kukausha. Nunua mbao Mei, mvua ikiwa imekwisha. Zikate ziwe kubwa kidogo kuliko unavyohitaji, sentimita mbili tatu kwa urefu na milimita tano kwa unene. Ncha zote mbili zipake rangi ya mafuta au nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, kwa sababu unyevu hukimbilia kutoka kwenye ncha na hapo ndipo nyufa huanzia. Zipange ndani ya nyumba, vijiti vikiwa katikati ili hewa ipite pande zote. Usizianike juani. Jua hukausha uso kabla ya moyo, na uso unaosinyaa juu ya moyo usiosinyaa hauna njia ila kupasuka.

Halafu kila Jumapili pima ubao kwenye mizani ya jikoni na andika uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Ubao niliotumia kwa mwili wa mwisho ulikuwa na orodha hii: Mei 19, gramu 4,310. Juni 2, 4,205. Juni 30, 4,090. Julai 28, 4,020. Agosti 11, 4,015. Agosti 18, 4,015. Uzito unapokuwa uleule Jumapili mbili mfululizo, ubao umekubaliana na hewa ya nyumba yako na unaweza kuanza.

Kuna mzee seremala wa Chang'ombe niliyemweleza habari za mizani. Baada ya mbukwenyi, salamu ya Kigogo, na habari za nyumbani alicheka, akachukua vipande viwili vya mninga, akavigonga kwa kifundo cha kidole. "Sikia, mjukuu wangu. Huyu anaitika du. Huyu anaitika ti. Wa du bado ana maji." Nimejaribu. Sikio lake linafanya kazi kwake. Mimi bado naitegemea mizani.

Shingo

Hapa ndipo gitaa lilipo. Mwili wenye kasoro utapigika, shingo yenye kasoro haipigiki. Ipe nusu ya muda wako wote.

Anza na kipande cha mninga chenye urefu wa milimita 700, upana 85 na unene 19, nyuzi za mti zikiwa zimenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, bila fundo. Mimi hukipasua katikati kwa urefu, nakigeuza kipande kimoja kichwa chini miguu juu, kisha naviunga tena. Kila kimoja kikitaka kupinda kwake, mwenzake anamvuta upande wa pili. Acha gundi nyeupe ya mbao ikae saa 24 kabla ya kupiga randa.

Chora mstari wa kati, mbele na nyuma, kwa kisu badala ya penseli. Mstari huo usiufute mpaka shingo iwe imekwisha, kwa sababu kila kipimo cha upana kinaanzia hapo, nusu huku na nusu huku.

Kipande kikiwa bado cha mraba, toboa mfereji wa fimbo ya chuma. Pima fimbo uliyonunua. Nyingi zinataka mfereji wa upana wa milimita 6 na kina cha 9 hivi. Kwa mashine ya ruta ni kazi ya dakika kumi, pita mara nne, kila mara ukishuka milimita mbili na kitu. Kwa patasi na keekee ni kazi ya jioni mbili. Fimbo iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, isicheze hata kidogo, maana ikicheza itakuwa inalia ndani ya shingo na hutajua kelele inatoka wapi. Hakikisha pia kwamba ukishachonga mgongo wa shingo, chini ya mfereji zitabaki angalau milimita nne za mti.

Ubao wa vidole ukatie mifereji ya freti kabla ya kuugundisha. Hesabu yake ni hii: gawa urefu wa uzi kwa 17.817, jibu ndilo umbali wa freti ya kwanza. Toa jibu hilo kwenye urefu, kilichobaki gawa tena kwa 17.817, unapata nafasi ya freti inayofuata, na kuendelea. Kwa 648 freti ya kwanza inakaa milimita 36.37 kutoka daraja dogo, ya pili 70.70, ya tatu 103.10, ya tano 162.55, ya saba 215.51, ya kumi na mbili 324 kamili, ambayo ni nusu ya uzi, ya kumi na tisa 431.76 na ya mwisho, ya 22, ni 466.16. Zijaze zilizobaki mwenyewe na uhakiki kwa namba hizo.

Kupima kuna kosa moja ambalo karibu kila anayeanza hulifanya: kupima freti ya pili kutoka kwenye ya kwanza, ya tatu kutoka kwenye ya pili. Ukikosea robo milimita kila hatua, freti ya kumi na mbili inakuwa imehama mtaa. Laza rula ya chuma mara moja, sifuri ikae kwenye ukingo wa daraja dogo, uifunge kwa klampu, na uweke alama zote bila kuigusa tena.

Msumeno wa mifereji ndiyo shida. Mguu wa freti una unene wa karibu nusu milimita, na misumeno ya seremala inakata njia pana mno. Ukiweza agiza msumeno wake maalumu. Usipoweza, chukua ubapa wa msumeno wa chuma, ulaze kwenye jiwe la kunolea, usugue pande zote mbili mpaka meno yaliyotanuka yawe sawa na ubapa. Utakata njia ya milimita 0.6 na kidogo. Freti italegea kiasi, lakini tone la supaglu mferejini litaishika. Kata kwa kuegemea kipande cha mbao chenye pembe mraba, kina cha milimita 3.

Paka gundi kwenye shingo, siyo kwenye mfereji wa fimbo, ambao unaufunika kwa utepe wa karatasi na kuubandua dakika ya mwisho. Futa mpingo kwa thina kwanza. Kwa hewa yetu gundi huanza kushika upesi, hivyo andaa kila kitu kabla ya kufungua chupa, na usiifanye kazi hii saa nane mchana upepo ukivuma. Kama huna klampu kumi, na nani anazo, pita kwa fundi baiskeli uchukue tyubu mbovu, ikate iwe kamba ndefu, uizungushe kwenye shingo yote kwa kuivuta kwa nguvu, raundi juu ya raundi. Shinikizo la mpira linafika kila mahali, tena kwa usawa kuliko klampu. Weka ubao ulionyooka upande wa pili ili shingo isipinde kifungoni mwake.

Kesho yake kata umbo: 42 juu, 56 chini, kichwa kama unavyotaka wewe. Kichwa kipunguze unene kwa mbele mpaka kibaki milimita 14 au 15, nyuzi zipate kuteremka kutoka daraja dogo hadi kwenye funguo. Mgongo wa shingo uchonge kwa hatua: kwanza kata pembe mbili kwa randa ndogo au tupa ya mbao, ubaki na sura ya pembe chache zilizonyooka, kisha pembe hizo zikate tena, ndipo umalizie kwa msasa ulioshikwa kama unavyoshika taulo mgongoni, huku na huku. Lenga unene wa milimita 21 kwenye freti ya kwanza na 23 kwenye ya kumi na mbili. Simama mara kwa mara, fumba macho, shika. Mkono wako unajua kuliko kalipa.

Uso wa ubao wa vidole uwe na mgongo kidogo kama paa la basi, duara la nusu kipenyo cha milimita 305. Chora duara hilo kwenye kadibodi kwa uzi na penseli, ukate, ndiyo kipimo chako. Piga msasa kwa kufuata njia ya nyuzi, usikate mkondo.

Freti

Kata vipande vikiwa virefu kuliko upana, vipinde kidogo zaidi ya mgongo wa ubao, vipige kwa nyundo ya plastiki au nyundo ya kawaida yenye kipande cha mti mgumu katikati. Anza ncha mbili, malizia katikati. Sauti ikibadilika kutoka kishindo kizito kuwa kikavu, imekaa.

Kisha pitisha wino wa makapeni juu ya freti zote na usugue kwa ubao ulionyooka uliobandikwa msasa namba 400. Freti zilizoinuka kuliko wenzake zinapoteza wino kwanza. Endelea mpaka zote zimeguswa, kisha rudishia mviringo wa kila moja kwa tupa ndogo. Ncha zipige tupa mara ya mwisho Septemba au Oktoba, ubao ukiwa umesinyaa mpaka basi. Gitaa langu lile nililipiga tupa tena ile Agosti na hazijachomoza hadi leo.

Mwili

Unga vipande viwili kupata upana wa milimita 330 hivi, urefu 420. Kiungo kikae kwenye mstari wa kati. Umbo ni lako, ila kitufe cha mkanda cha juu kifike karibu na usawa wa freti ya kumi na mbili, la sivyo kichwa kitaanguka kila unapoachia mkono.

Tundu la shingo litengenezee kiolezo cha ubao wa MDF ukikichora kwa shingo yenyewe, siyo kwa vipimo vya karatasi. Shingo iingie kwa kusugua kidogo na ukinyanyua gitaa kwa shingo bila skrubu lisidondoke, au lidondoke kwa kusitasita. Kama huna ruta, toboa mashimo mengi kwa keekee pana yenye kizuizi cha kina, ukimalizia kwa patasi kali. Ruta ikitumika, shika kwa mikono miwili, vaa miwani na barakoa. Vumbi la mninga na la mvule linawasha ngozi na kubana kifua.

Shingo ikiwa imekaa, tafuta nafasi ya daraja kwa uzi wa kushonea. Funga nyuzi mbili kutoka kwenye nafasi ya uzi wa kwanza na wa sita hapo juu, zivute hadi kwenye daraja, na uangalie umbali wake kutoka kingo za shingo. Zikiwa sawa kushoto na kulia, weka alama. Vikalio vya nyuzi kwenye daraja visogeze karibu mwisho wa mbele, kile cha uzi mwembamba kikae milimita 648 kutoka daraja dogo. Unahitaji nafasi ya kurudi nyuma, maana uzi mnene utaishia milimita tatu au nne zaidi ya mwembamba.

Skrubu nne za shingo, urefu wa milimita 45, zitapita mwilini na kuingia shingoni kama 14. Toboa kwanza, paka sabuni kwenye skrubu. Ukilazimisha skrubu kavu kwenye mninga mkavu itakatika shingo, ya skrubu.

Mfupa

Daraja dogo usinunue la plastiki. Dodoma ni nchi ya ng'ombe. Omba mfupa wa paja buchani, ule ukuta mnene. Uchemshe, ukwangue, uchemshe tena kwa sabuni ya unga kutoa mafuta, uuache ukauke siku kadhaa juu ya bati pasipofika mbwa. Nilipoteza wa kwanza hivyohivyo. Kata kipande cha milimita 42 kwa 6 kwa 9, chonga mifereji sita, ya kwanza na ya mwisho zikiwa zimeachana 35.

Rangi

Msasa namba 120, 180, 240, kisha lowesha mti kwa kitambaa chenye maji, vinyweleo vikisimama na kukauka pitisha 320. Mimi napaka sila mara mbili, halafu vanishi ya kung'aa mara nne au tano, nyembamba, kwa siku tofauti. Fanya saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujaamka, mwaga maji sakafuni kwanza vumbi litulie. Mchana thina inaruka haraka mno na uso unabaki na vishimo kama ganda la chungwa. Ukitumia mafuta ya kitani badala ya vanishi, vitambaa vilivyolowa uvitandaze nje vikauke, usivifinyange ukavitupa pembeni, kwani vinaweza kujiwasha moto vyenyewe. Ubao wa vidole wa mpingo haupakwi chochote zaidi ya tone la mafuta.

Umeme

Pikapu ni sumaku na waya mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake unazalisha umeme kidogo sana. Nilishawahi kwenda kwa fundi wa kusuka mota nikidhani anao waya huo. Wake ulikuwa kamba ya meli. Nunua pikapu tayari, na uipime kwa mita: ya koili mbili ikisoma kati ya kilo-om 7 na 9 ni nzima, isiposoma kitu waya umekatika.

Kuta za matundu ya umeme zibandike karatasi ya shaba, vipande vigusane. Mpango rahisi ni pikapu mbili, swichi ya njia tatu, kitasa cha sauti na kitasa cha toni. Waya za moto za pikapu zinakwenda kwenye swichi. Swichi inapeleka kwenye mguu wa pembeni wa kitasa cha sauti. Mguu wa katikati unapeleka kwenye ncha ya jeki, lile tundu la kuchomekea waya wa amplifaya. Mguu wa tatu unaulehemu kwenye bati la kitasa chenyewe, ambalo ndilo ethi (waya wa ardhi). Kapasita ya mikrofaradi 0.022 inatoka kwenye mguu wa kwanza wa kitasa cha sauti kwenda kwenye mguu wa pembeni wa toni, na mguu wa katikati wa toni unakwenda ethi. Vitasa viwe vya kilo-om 500 kwa pikapu za koili mbili, 250 kwa za koili moja, na kwa hizo kapasita iwe 0.047.

Waya mmoja zaidi unasahaulika na kila mtu: kutoka bati la kitasa mpaka chini ya daraja. Ukiwasha na mngurumo unapungua ukigusa nyuzi, uko sawa. Ukiongezeka ukigusa, umebadilisha waya mbili za jeki.

Na kagua soketi ya nyumbani. Nyumba nyingi zina tundu la tatu lisilounganishwa na kitu. Ukishika nyuzi za gitaa na mdomo ukagusa maiki, mwili wako ndio unakuwa ethi.

Kulifunga na kulisikiliza

Seti ya nyuzi ya 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) ikikazwa inavuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 46, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji. Kaza taratibu, uliache usiku kucha.

Asubuhi azima fila geji kwa fundi bodaboda, ile anayopimia valvu. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha ingiza kipimo juu ya freti ya saba. Unataka pengo la milimita 0.2. Pengo likizidi, kaza fimbo robo mzunguko, subiri, pima tena, likikosekana, legeza. Kisha shusha daraja mpaka uzi mwembamba uwe milimita 1.6 juu ya freti ya kumi na mbili na mnene 2. Mwisho linganisha noti ya freti ya kumi na mbili na sauti tupu ya uzi ukiguswa hapohapo bila kubonyezwa. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Andika vipimo hivyo kwa penseli ndani ya tundu la shingo, pamoja na tarehe. Januari, mvua zikishakolea na milango ya nyumba imeanza kukwama, toa fila geji tena. Shingo itakuwa imetembea kidogo, pengine kutoka 0.2 hadi 0.3. Robo mzunguko tu, na usiguse daraja.